Kura nyingi, viti vichache: Wazanzibari walitaka nini wakati wa siasa?

Barazani Unguja au Pemba, mtu mzima akikwambia "wakati ule wa siasa" hakusudii siasa hivi hivi. Anakusudia miaka maalumu, kuanzia uchaguzi wa Julai 1957 hadi Mapinduzi ya 12 Januari 1964. Ni miaka sita na nusu, na ndani yake watu walipiga kura mara nne: 1957, Januari 1961, Juni 1961 na Julai 1963. Kwa visiwa ambavyo sensa ya 1958 ilihesabu watu 299,111 tu, hizo si kura chache. Ungetegemea jibu la "Wazanzibari walitaka nini?" liwe wazi. Haliko wazi. Upande mmoja unasema wengi walichagua chama cha Afro-Shirazi wakanyimwa nchi kwa hila za viti. Upande wa pili unasema serikali ya mseto ya vyama viwili vilivyoshindana nacho ilishinda kwa sheria ileile iliyowafunga wote, ikakabidhiwa uhuru wa halali. Na pande zote mbili zina tarakimu za kweli mkononi.

Kinachowapoteza wasomaji wengi ni kuichukulia kura ya chama kuwa kura ya uhuru. Mpiga kura wa Zanzibar hakuwahi kuulizwa kama anautaka uhuru au hautaki. Kura ya maoni haikupigwa. Aliulizwa nani awe mwakilishi wa jimbo lake, basi. Ndani ya karatasi ile moja alilazimika kujibu maswali matatu kwa mpigo: Mwingereza aondoke? Aondoke lini? Na akiondoka, funguo amwachie nani? Swali la kwanza halikuwa na ubishi mkubwa, kwani hakuna chama kilichosema Mwingereza abaki daima. La pili lilibishaniwa. Lililogawa nyumba lilikuwa la tatu.

Vyama vitatu na hofu zao

Zanzibar Nationalist Party, ambayo karibu kila mtu aliiita Hizbu, ilizaliwa 1955, na mizizi yake si ya ikulu wala ya mabwana wa karafuu kama wengi wanavyodhani. Ilianzia kwa wakulima wa Kiembe Samaki, kule uliko uwanja wa ndege, ambao 1951 waligoma ng'ombe wao wasichanjwe kimeta kwa nguvu. Wenyewe wanayaita mambo yale Vita vya Ng'ombe. Wakulima hao wakaunda chama cha raia wa Mfalme, yaani Sultani wa Zanzibar. Wasomi wa mjini, akiwamo Ali Muhsin Barwani, wakaingia, na chama kikapanuka kikawa Hizbu. Rais wake wa kwanza, Vuai Kiteweo, alikuwa mkulima. Wito wao ulikuwa mwepesi kukariri: sote ni Wazanzibari, dini yetu moja, Mfalme wetu mmoja, Mwingereza aondoke upesi. Alama yao ilikuwa jogoo.

Afro-Shirazi ilitokana na muungano wa Februari 1957 wa jumuiya mbili, ya Waafrika iliyokuwapo tangu 1934 na ya Washirazi, wenyeji wa visiwa, chini ya Abeid Amani Karume. Julius Nyerere wa TANU alikuwa miongoni mwa waliowasukuma wakae meza moja. Kwanza iliitwa Union, baadaye Party, ASP. Hofu ya wafuasi wake ilikuwa kwamba uhuru ukija kabla Mwafrika hajasoma na kushika nafasi serikalini, atakuwa amebadilishiwa bwana tu. Ndiyo maana mwanzoni baadhi yao walitaka mambo yaende polepole, na Hizbu hawakuiachia nafasi hiyo: wakawabandika jina la "Uhuru zuia". Jina liliuma, kwa sababu Afrika nzima ilikuwa ikiimba uhuru sasa.

Cha tatu ni Zanzibar and Pemba People's Party, ZPPP, kilichomeguka kutoka ASP mwishoni mwa 1959. Viongozi wake, Mohammed Shamte wa Pemba akiwa mbele, walikuwa Washirazi walioona kwamba ndani ya ASP sauti ya watu wa bara imekuwa kubwa kuliko ya wenyeji. Kilikuwa chama kidogo, na kwa udogo wake ndicho kilichoamua nani atawale.

Sasa tazama jinsi msimamo kuhusu uhuru ulivyokuwa chombo cha kuvukia. Mwaka 1962, kwenye mazungumzo ya katiba yaliyofanyika London, serikali ya mseto ya Hizbu na ZPPP ilitaka uhuru kwanza. ASP ilitaka uchaguzi mpya kwanza, tena wa watu wazima wote, ndipo uhuru ufuate. Mazungumzo yakakwama. Mtu akichukua kumbukumbu za mkutano ule peke yake anaweza kuandika kwamba ASP iliukataa uhuru. Si hivyo. ASP ilijua kwamba atakayekuwa kitini siku bendera inashushwa ndiye atakayekuwa na polisi, mahakama na hazina, na kwamba uchaguzi baada ya hapo ungekuwa mchezo mwingine kabisa. Hizbu nao walijua vilevile. Ndiyo sababu ya haraka yao.

Nani aliruhusiwa kupiga kura

Kabla ya kusoma tarakimu yoyote ya miaka ile, uliza daftari lilikuwa na nani ndani yake. Bila hivyo utalinganisha vitu viwili visivyofanana.

Uchaguzi wa 1957 ulikuwa wa wanaume peke yao, tena wenye umri wa kutosha na sifa za elimu, mali au utumishi, na lazima wawe raia wa Mfalme. Sharti hilo la mwisho lilikuwa mtego. Mtu aliyezaliwa bara, akaja kuchuma karafuu au kubeba mizigo bandarini, akaoa, akazaa na kuzeeka Ng'ambo, mitaa ya mjini iliyo nje ya Mji Mkongwe, hakuwa mpiga kura mpaka achukue tajnisi, yaani uraia wa kuomba. Wengine hawakujua, wengine walijua wakasita kuukana uraia wa walikotoka. Pingamizi zilikuwa silaha ya kawaida: wakala wa chama anakaa na orodha, anataja jina, anadai mwenye jina si raia, na aliyetajwa ndiye anayepaswa kwenda kujieleza. Hata Karume mwenyewe alipingwa mahakamani kabla ya uchaguzi ule kwa hoja kwamba hakuzaliwa Zanzibar. Pingamizi likatupwa, akagombea.

Mwaka 1961 wanawake waliingia daftarini kwa mara ya kwanza na masharti yakalegezwa, ila suala la kujua kusoma na kuandika bado lilikuwa na uzito. Hapa Hizbu walionyesha ufundi. Walifungua madarasa ya watu wazima, na mtu aliyejifunza kusoma kwao alitoka na vitu viwili: herufi, na sifa ya kuandikishwa. Ukiona kura za Hizbu zimepanda kati ya 1957 na 1961, sehemu ya jibu iko kwenye ubao na chaki. Sehemu nyingine iko kwenye umoja wao wa vijana, vyama vyao vya wafanyakazi na nafasi za masomo ng'ambo walizowatafutia vijana wao.

Haki ya kila mtu mzima ilikuja 1963. Kura zilizohesabiwa Juni 1961 zilikuwa takriban 90,000; Julai 1963 zilizidi 160,000. Watu hawakuongezeka kiasi hicho kwa miaka miwili. Waliokuwa nje waliingia ndani, na wengi wao walikuwa masikini wa mashamba na mitaa. Anayesema "ASP ilipanda kutoka asilimia 49.9 hadi 54.2, kwa hiyo watu walibadilisha mawazo" amesahau kwamba watu wenyewe hawakuwa walewale.

Hesabu yenyewe

Mwaka 1957 viti vya kuchaguliwa vilikuwa 6 tu. Hizbu hawakupata hata kimoja, na pale Ng'ambo Karume alimshinda Ali Muhsin kwa zaidi ya mara tatu ya kura zake. Kwa chama kilichojiona ndicho baba wa harakati za uhuru, kilikuwa kipigo cha kuzindua.

Januari 1961 viti vilikuwa 22. ASP ilipata 10, Hizbu 9, ZPPP 3. Kimoja kati ya vile 10 vya ASP, cha Chake Chake, kilipatikana kwa tofauti ya kura moja. Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili wakaenda Hizbu na mmoja akaenda ASP. Piga hesabu: 11 kwa 11. Serikali haikuundika. Ni mahali pachache duniani ambapo kura moja ya mtu mmoja imebeba nchi namna ile. Laiti ingeangukia upande wa pili pale Chake Chake, hesabu ingekuwa 12 kwa 10 na uchaguzi wa Juni huenda usingekuwapo.

Waingereza wakaongeza jimbo moja Pemba, viti vikawa 23 ili sare isirudi, na watu wakaitwa tena vituoni tarehe 1 Juni. Matokeo: ASP viti 10 kwa asilimia 49.9 ya kura, Hizbu viti 10 kwa asilimia 35, ZPPP viti 3 kwa asilimia zisizofika 14. Safari hii Hizbu na ZPPP walikuwa wamepatana tangu mwanzo, wakaachiana majimbo wasigongane, na Shamte akawa Waziri Kiongozi. Siku hiyohiyo ya kupiga kura vurugu zilianza mjini kwa tuhuma za watu kupiga kura mara mbili, zikasambaa hadi mashambani. Waliouawa walikuwa 68, wengi wao Waarabu, wakiwamo wadogo wadogo wa mashamba waliokuwa na duka la kona na miti michache, si mabwana wa mjini.

Julai 1963 ndio uchaguzi wa kuutazama kwa karibu. Viti 31. ASP ilipata kura 87,085 na viti 13. Hizbu kura 47,950 na viti 12. ZPPP kura 25,609 na viti 6. Chukua kalamu ugawe. Kila kiti cha ASP kiligharimu wastani wa kura 6,699. Kila kiti cha Hizbu kiligharimu 3,996, na cha ZPPP 4,268. Ukiuweka mseto pamoja, kura 73,559 zilinunua viti 18, yaani kura 4,087 kwa kiti. ASP iliongoza kwa kura 13,526 ikashindwa kwa viti vitano.

Upotofu ulikuwa Pemba

Maelezo yanayozoeleka ni kwamba Waingereza walichora mipaka kwa hila, wakaipa Pemba viti vingi kuliko haki yake. Tuipime kauli hiyo badala ya kuirudia. Sensa ya 1958 iliipa Unguja watu 165,253 na Pemba 133,858, yaani asilimia 55 kwa 45. Mwaka 1963 Unguja ilikuwa na viti 17 na Pemba 14. Hiyo nayo ni asilimia 55 kwa 45. Kati ya kisiwa na kisiwa, mgawo ulikuwa wa haki. Malalamiko kuhusu mipaka ya ndani, hasa Mji Mkongwe kupewa viti viwili 1961 ilhali wapiga kura wake ni wachache, yana msingi wake, lakini hayawezi peke yake kueleza pengo la 1963.

Maelezo ya pili ni kwamba ASP ilirundika kura Ng'ambo na mitaa ya karibu, ikashinda huko kwa maelfu yasiyo na kazi. Kuna ukweli hapo. Kiti hakiwi viwili kwa sababu umeshinda kwa kura 5,000 badala ya 50. Lakini tazama Unguja yote kwa ujumla: ASP ilipata takriban kura 6 katika kila 10 na viti 11 kati ya 17. Hizo zinalingana vizuri tu. Kwa Unguja hakuna aliyepunjwa sana.

Pengo liko Pemba. Kule ASP ilipata zaidi ya kura 4 katika kila 10, na viti 2 tu kati ya 14. Namna inavyotokea ni hii. Chukua jimbo la mfano lenye wapiga kura 5,000. ASP inapata 2,200. Kama Hizbu na ZPPP wangesimamisha kila mmoja mtu wake, wakagawana 1,500 na 1,300, ASP ingeshinda kwa raha. Wakikubaliana asimame mmoja, zile 2,800 zinakaa pamoja na ASP inatoka mikono mitupu. Rudia jambo hilo jimbo baada ya jimbo. Kura za ASP Pemba hazikurundikana mahali. Zilitandazwa kila jimbo kama dagaa juani, nyingi kiasi cha kuonekana, chache kiasi cha kushindwa. Mseto ulishinda kwa mapatano mazuri. Na ASP ilihitaji majimbo matatu tu zaidi ili ifike 16 na kushika nchi.

Hapa ndipo tunapotofautiana na wale wanaosema "wingi uliporwa". Sheria ya mshindi kuchukua jimbo ndiyo iliyotumika, ileile ya Uingereza, na vyama vyote viliingia uchaguzini vikiijua. Lakini pia hatukubaliani na wale wanaosema matokeo yalionyesha matakwa ya nchi. Yalionyesha matakwa ya majimbo 31. Kisheria mambo yalikaa sawa. Kisiasa, serikali iliyopokea uhuru tarehe 10 Desemba 1963 ilikuwa ikijua, na kila mtu mtaani alikuwa akijua, kwamba kura nyingi ziko kwa wapinzani wake.

Kwa nini mtu alichagua hivi na jirani yake vile

Ukishamaliza hesabu, linabaki swali la moyo wa mpiga kura. Makosa ya kwanza ni kuigeuza kura kuwa kabila: Mwarabu Hizbu, Mwafrika Afro, Mshirazi ZPPP. Waarabu hawakuwa wengi kiasi cha kuipa Hizbu kura 47,950. Watumbatu wengi wa kaskazini ya Unguja walikuwa upande wa mseto, Wahadimu wengi wa kusini na mashariki wakaegemea ASP, na Wapemba wakapasuka katikati. Wote hao walijiita Washirazi. Zaidi ya hayo, kabila lenyewe halikuwa jiwe. Katika sensa za 1924 na 1931 maelfu waliojiandikisha kwanza kuwa Waswahili walijitoa humo wakajiandikisha kwa majina mengine. Watu walikuwa wakichagua jina kama wanavyochagua chama, wakitazama lipi lina heshima na lipi lina faida.

Kinachotabiri kura vizuri zaidi ni ardhi, na hasa namna mtu alivyokaa na mwenye ardhi. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo ghala la karafuu. Pemba ni vilima na mabonde, na mashamba yake yalikatika vipande vidogo vilivyomilikiwa na Wapemba wenyewe bega kwa bega na Waarabu, ambao wengi wao hawakuwa matajiri na walikuwa wameshaoleana nao. Mkulima wa Wete mwenye mikarafuu yake thelathini hakumwona jirani yake Mwarabu kama bwana. Alimwona mkwe. Akisikia habari za kugawa ardhi, aliona miti yake mwenyewe inatajwa.

Unguja ilikuwa na sura nyingine. Ardhi yenye rutuba ya magharibi na katikati ilikuwa mikononi mwa wachache, Wahadimu wakiwa wamesukumwa kwenye maweni ya mashariki na kusini. Katika mashamba makubwa waliishi wakaazi, wengi wao kutoka bara au wenye asili ya bara, kwa mapatano yasiyoandikwa. Mkaazi anajenga kibanda, anapanda mihogo, viazi na mpunga kati ya mikarafuu, anasafisha nyasi chini ya miti ya mwenye shamba, na msimu ukifika anachuma. Kodi halipi. Ila kitu kimoja haruhusiwi: kupanda mti wa kudumu. Muhogo unang'olewa mwaka huohuo na habari yake inaisha. Mnazi ukisimama miaka kumi unageuka ushahidi, kwa sababu visiwani mti una mwenyewe hata pale ardhi iliyo chini yake ni ya mwingine.

Mapatano hayo yalikwenda kwa vizazi bila makaratasi kwa kuwa kila upande ulimhitaji mwenziwe. Baada ya 1957 yakavunjika. Baadhi ya wenye mashamba waliokuwa Hizbu wakawaambia wakaazi wao: ama mje chama chetu, ama mng'oe mihogo yenu muondoke. Wafuasi wa ASP wakajibu kwa kugomea maduka ya Waarabu. Wakafungua maduka yao, na mtu akawa anatembea masafa kununua sukari ileile aliyokuwa akiipata mlangoni. Kukawa na basi za Hizbu na basi za Afro. Msikiti ukapasuka, maiti ikakosa wabebaji kutoka upande wa pili wa njia.

Anayesoma siasa za kitaifa kwa vitabu vya nadharia angetarajia mtu achague chama kisha mambo mengine yafuate. Huku mara nyingi ilikuwa kinyume. Mtu alifukuzwa shambani Jumatatu akawa Afro-Shirazi Jumanne. Duka la mwingine liligomewa mwezi mzima, akatoka humo Hizbu wa kufa. Kila mgogoro ulikuwa ukimwandikisha mwanachama, na kwa hiyo kufikia 1961 waliopiga kura walizidi asilimia 90 ya walioandikishwa. Watu hawajitokezi kiasi hicho kwa sababu wamesoma ilani. Wanajitokeza wanapoamini kwamba upande wa pili ukishinda, watalala nje.

Yanayosomwa vibaya

Kosa moja ni kuyatumia Mapinduzi kuisoma kura. Inasemwa kwamba asilimia 54.2 waliopigia ASP walikuwa wakipigia Mapinduzi miezi sita kabla hayajatokea. Karatasi ya kura haikuwa na neno hilo. ASP ya Julai 1963 iligombea kuongoza serikali kwa katiba iliyokuwapo. Vivyo hivyo, asilimia karibu 46 waliochagua mseto hawakuwa wote watu wa Mfalme. Ndani ya Hizbu yenyewe palikuwa na mrengo wa kushoto, wa Abdulrahman Babu, uliojitoa mwaka huohuo na kuanzisha chama cha Umma. Na mpiga kura wa ZPPP kule Pemba pengine hakuwa na shida na Mfalme wala mapenzi naye. Alikuwa na shida na wazo la kutawaliwa kutoka Ng'ambo.

Kosa jingine ni kudhani kwamba pasipo kura hapakuwa na msimamo. Mfano ni ng'ambo ya pili ya maji. Ukanda wa maili kumi wa mwambao wa Kenya, na Mombasa ndani yake, ulikuwa kisheria milki ya Mfalme wa Zanzibar, ukiendeshwa na Waingereza tangu 1895. Miaka ya mwanzo ya 1960 palizuka harakati za Mwambao, zilizotaka ukanda huo uwe na hatima yake badala ya kuingizwa Kenya huru. Tume ya Robertson ilikuja 1961, ikasikiliza, ikapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya. Tarehe 8 Oktoba 1963 serikali ya Shamte na ya Jomo Kenyatta zikakubaliana hivyo. Watu wa mwambao hawakupigishwa kura juu ya jambo hilo, na kwa hiyo hakuna tarakimu ya kushika mkononi. Kimya cha daftari kisichukuliwe kuwa ridhaa wala kuwa upinzani. Ni kimya tu, na malalamiko ya ardhi yaliyosikika Pwani miaka mingi baadaye yalikuta kimya hicho kikiwangoja.

Kosa la tatu, na pengine ndilo lililoenea zaidi, ni kuirudisha ramani ya leo nyuma. Katika uchaguzi wa vyama vingi wa 1995, chama cha upinzani cha CUF kilichukua viti vyote 21 vya Pemba, na urais wa Zanzibar ukaamuliwa kwa asilimia 50.2 kwa 49.8. Watu wakasema: Pemba ndiyo ileile ya Hizbu na ZPPP, damu haigeuki kuwa maji. Rudi kwenye hesabu ya 1963. Pemba ile ilikuwa na zaidi ya watu 4 katika kila 10 waliopigia Afro-Shirazi, katika uchaguzi ambao karibu kila aliyeandikishwa alijitokeza. Kisiwa kile hakikuwa ngome ya mtu. Kilikuwa kisiwa kilichopasuka nusu kwa nusu kasoro kidogo. Kama baada ya miaka 32 nusu moja imekaribia kutoweka kwenye masanduku, sababu yake haitafutwi wakati wa siasa. Inatafutwa katika yale Pemba iliyoyaona baada ya Januari 1964, chini ya serikali ya chama kilekile ambacho zaidi ya watu wake 4 katika kila 10 walikuwa wamekichagua.